Kamera Ibaki Nchi Kavu

Wapenzi wa filamu za mahaba ya kijeshi wanaijua hata wakiwa wamesahau jina lake. Kijana aliyevaa sare nyeupe ya jeshi la maji anaingia kiwandani, anapita kati ya mashine, anamfikia msichana aliyeinamia kazi, anambeba mikononi na kutoka naye huku wenzake wakipiga makofi. Msichana anamvua kofia na kujivika mwenyewe. Wimbo unapanda, mambo yamekwisha. Ni An Officer and a Gentleman ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Taylor Hackford. Richard Gere, aliyecheza kama Zack Mayo, alikuwa ameupinga mwisho huo mwanzoni, akiuona umezidi utamu.

Mimi kubebwa sina ugomvi nako. Ninachouliza ni yale ya baada ya mlango wa kiwanda. Zack ndiyo kwanza amemaliza wiki 13 za mafunzo ya uafisa. Mbele yake kuna shule ya urubani, kisha kikosi, kisha manowari ya ndege itakayokaa baharini miezi na miezi. Paula anakwenda wapi na ile kofia? Ataishi wapi, atafanya kazi gani, na nani atakayemwambia mumewe yuko bahari ipi? Maisha ya jeshi ndiyo hayo, na taa za sinema zimewashwa kabla hayajaanza.

Mtu aliyekulia Likoni, Mombasa, hawezi kuacha kuuliza. Kambi ya Mtongwe, yaliko makao makuu ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, iko upande wetu wa kivuko. Tangu jeshi hilo liundwe Desemba 1964, wanamaji wameoa kwetu, wamezaa kwetu, na wengine wamezikwa kwetu. Kila mtaa una nyumba ambayo baba huonekana kwa misimu. Dadangu mkubwa aliolewa na mmoja wao, na tangu hapo filamu hizi nimezitazama kama jamaa wa karibu.

Dadangu ana namna yake ya kupiga pasi kombati. Huanza na kola, halafu mikono, halafu huigeuza shati ndani nje apige upande wa pili wa mifuko, kwa kuwa mkaguzi, asema, jicho lake huenda mfukoni kwanza. Wanga huukoroga mwenyewe kwa unga wa muhogo. Shemeji akipata amri ya kuondoka hasemi anakokwenda, na mara nyingi naye hajui zaidi ya saa ya kuripoti. Kwa hiyo dadangu amejifunza kuusoma mkoba. Ukitoka ule mdogo, ni doria ya siku chache. Ukitoka mkubwa na soksi zikawa nyingi, basi watoto wataambiwa baba atakuja Idi, bila kutajwa Idi gani. Humuulizi mtu wa jeshi, humpikia. Atapata mahamri na mbaazi zake alfajiri, mengine atafungiwa mkebeni, na akishatoka, simu ya dadangu huhamia dirisha la jikoni kwa sababu mtandao hushika hapo vizuri zaidi. Nimelala kwake siku kama hizo. Huamka kati ya usiku, akaitazama, akairudisha pale pale uso ukiwa juu.

Septemba 2012 wanajeshi wetu walipotua Kismayu, Somalia, kutoka baharini, alfajiri ya tarehe 28, habari aliipata redioni kama Mkenya mwingine yeyote. Mumewe alikuwa hajapiga simu muda mrefu. Aliiongeza sauti ya redio, akaendelea kuwavisha watoto sare za shule.

Hizo ndizo dakika ninazozitafuta katika filamu hizi, na filamu nyingi huzitupa.

Lakini An Officer and a Gentleman siitupi mimi. Ina ukweli mwingi kuliko sifa zake. Mwandishi wa muswada, Douglas Day Stewart, alikuwa mwenyewe amepitia mafunzo ya uafisa wa jeshi la maji, na jeshi hilo la Marekani lilipokataa kushirikiana na watayarishaji, walikwenda kupiga picha Fort Worden, kambi kuukuu iliyoko Port Townsend, jimbo la Washington. Nadhani kunyimwa huko ndiko kulikoipa filamu ulimi. Sajini Foley anawaonya makadeti kuhusu wasichana wanaovuka maji kwa feri kila wikendi kuja kutafuta rubani wa kuwaoa. Kwa feri! Niliposikia hivyo nilikaa vizuri kitini. Wazazi wetu wanakumbuka manowari za Marekani zikitia nanga Kilindini miaka ya 1980, na wasichana wa Mombasa waliosemwa kwa maneno hayo hayo, kana kwamba umaskini wa msichana ni mtego aliomtegea mtu.

Na filamu yenyewe inamjibu sajini wake, kwa upole sana, watazamaji wengi hawalioni. Babake Paula wa kumzaa alikuwa kadeti wa kambi ile ile. Alimpa mamake mimba, akakataa kumwoa, akaenda zake. Mama yule anafanya kazi katika kiwanda kile kile cha karatasi pamoja na bintiye. Kwa hiyo Zack anapoingia na sare yake nyeupe, mle ndani kuna mwanamke ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna sare iliyorudi kumchukua. Ningeiomba kamera imtazame huyo. Makofi ya wale wanawake wa kiwandani mimi huyasikia kama makofi ya watu wanaojua idadi ya waliobebwa na ya walioachwa.

Louis Gossett Jr. alipata Oscar kwa nafasi ya Foley, akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya mwigizaji msaidizi, na alistahili kabisa. Ukimtazama anavyomwadhibu Zack hadi kijana analia kwamba hana pengine pa kwenda, utaelewa kwa nini watu waliopita kwenye kwata huwaongelea waliowatesa kwa upendo. Shemeji hufanya hivyo. Sajini wake wa mafunzo humtaja kwa sauti asiyoitumia kwa mtu mwingine.

Kinachonikaa moyoni zaidi ni Sid, rafiki wa Zack. Yuko pale kwa ajili ya kakake aliyekufa Vietnam. Siku anapotambua kwamba ndoto si yake, anaomba kuondoka mwenyewe, anakwenda na pete kwa msichana wake, Lynette, na Lynette anamkataa, kwa sababu alitaka mke wa rubani awe yeye, na rubani hayupo tena. Sid anajiua. Katika filamu hizi anayeacha mafunzo huwa amekufa tayari machoni pa wenzake, na hapa muswada unamuua kweli.

Wahindi walilishika jambo hilo hilo wakalipeleka kwingine. Katika Lakshya ya Farhan Akhtar, mwaka 2004, Karan ni kijana wa nyumba nzuri asiyejua anataka nini. Anaingia chuo cha kijeshi cha Dehradun kwa sababu rafiki yake amesema ataingia, anakuta adhabu na kelele, anatoroka usiku anarudi kwa mama. Mpenzi wake Romi anamwacha. Hamwachi kwa kukosa cheo. Romi ni mwanamke mwenye shabaha yake, atakayekuwa mwandishi wa habari, na hawezi kumwekea tumaini mtu asiyeweza kutimiza neno alilolisema mwenyewe. Karan anarudi chuoni, anapokea adhabu ya utoro wake, anafuzu, na wawili hao wanakutana tena mlimani Kargil katika vita vya 1999, yeye na kikosi chake, Romi na kamera yake. Huko mwanamke si zawadi ya mwisho wa mafunzo. Naye amekuja kazini. Mombasa picha za Kihindi hatuzitazami kwa kukopeshwa utamaduni, tumelelewa nazo, na hii naiweka juu ya ndugu zake wengi wa Hollywood kwa sababu hiyo moja.

Top Gun ya 1986 naipita haraka, kwa kuwa mapenzi yake ni mepesi. Hata hivyo ina somo la jinsi jeshi linavyoandika mahaba. Katika muswada wa mwanzo, mwanamke wa Tom Cruise alikuwa mwanajeshi. Jeshi la maji, ambalo lilitoa ndege na manowari kwa filamu hiyo, halikutaka kuonyeshwa mapenzi ya aina hiyo ndani ya sare, basi akageuzwa raia, mtaalamu wa ndege mwenye shahada. Nje ya baadhi ya kumbi za sinema wakaweka meza za kuandikisha vijana. Mahaba yaliyokaguliwa hivyo yatakosaje kung'aa.

Humo humo lakini yumo Carole, mke wa Goose, anayeruka ndege moja na Cruise. Meg Ryan anamcheza akicheka, na mtoto wao juu ya piano. Goose anakufa. Carole anapewa muda mfupi, amebeba uso uliovimba, na anautumia kumfariji rafiki wa mumewe, Maverick, ambaye ndiye Cruise. Kisha anatoka. Miaka 36 baadaye, katika filamu ya pili ya mwaka 2022, tunaambiwa kwamba amefariki, na kwamba kabla ya kufa alimwapisha Maverick amzuie mwanawe kuwa rubani. Maverick akazichomoa karatasi za kijana za kuingia chuo, kijana akamchukia yeye, mama hakusemwa. Nilitazama hiyo nikasimamisha picha. Miaka yote ile ya mwanamke kulea mtoto mwenye masharubu ya babake, akimwona shingo imepinda kuangalia kila ndege inayopita, akijua kitakachokuja, hadi akathubutu kumwomba mtu mwingine asimamishe. Hiyo ndiyo filamu, na imepewa sentensi mbili za mazungumzo. Katika ile ya 1953, From Here to Eternity, watu wote wanakumbuka Burt Lancaster, aliyecheza kama sajini, na Deborah Kerr wamelala kwenye mawimbi ya Hawaii. Wachache wanakumbuka kwamba wangeweza kuoana kama sajini yule angekubali kuomba uafisa, naye akakataa. Anayempenda mtu wa jeshi amekuta mke mwenza mlangoni.

Mamangu angesema haya yote alikwisha kuyaona kwenye Aradhana. Picha hiyo ya Shakti Samanta ilitoka 1969, na mamangu husimulia walivyoiendea sinema za mjini enzi za Naaz, Regal na Majestic, wanawake wa mtaa mzima, leso moja begani na nyingine mkononi kwa sababu waliotangulia walikuwa wameonya. Rajesh Khanna ni Arun, afisa wa jeshi la anga, anaimba ndani ya jeep akifuata treni aliyopanda Vandana, yaani Sharmila Tagore. Hapo kila mtu anakumbuka wimbo. Lakini Arun anakufa mapema kabisa, ndege imeanguka, na ndoa yao ilikuwa ya siri hekaluni. Vandana ana mimba na hana shahidi. Familia ya mume inamkana. Mtoto wake anachukuliwa na watu wengine wamlee, naye anakubali kuwa yaya wa mwanawe mwenyewe ili awe karibu naye. Anakwenda jela kwa kosa ambalo si lake. Anazeeka. Mwishoni kijana yule ni rubani wa jeshi kama babake, ana uso wa babake kwa kuwa Rajesh Khanna ndiye anayemcheza pia, na anamtambulisha mbele ya watu kuwa ndiye mamake.

Ni filamu ya machozi mengi, najua, na matukio yake yamepangwa ili ulie. Hata hivyo angalia ilichofanya. Mwanajeshi ameondoka mapema, na kamera imebaki na mwanamke hadi mvi. Sare inaonekana mwanzo na mwisho, na katikati kuna maisha aliyoyaacha mwenye sare. Mamangu hakuwa na mume wa jeshi, lakini babangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mama aliposema, "Mwanangu, ile ndiyo picha ya kweli," sikuwa na la kumrudishia.

Wadogo zangu wa siku hizi wamelipata hili Korea. Descendants of the Sun, vipindi 16, ilianza kuonyeshwa kwao mwishoni mwa Februari 2016, na haikuchukua muda ikawa kwenye flashi za kila duka la muvi mjini. Vipindi vya mwanzo navipenda mno. Kapteni Yoo na daktari Kang wanajaribu kukutana kwa chakula, kwa sinema, na kila mara simu inaita, helikopta inakuja, anaondoka bila kueleza. Daktari anakaa chini anafikiri kama mtu mzima, anamwambia hawezi maisha ya kutojua mtu wake yuko wapi. Anaachana naye hivyo, bila kelele. Dadangu aliirudia sehemu hiyo. Akasema, "Huyu msichana ana akili, mimi sikuuliza."

Mwishoni hadithi inamrudisha mtu aliyetangazwa kuwa amekufa, anatembea jangwani mzima. Hapo mimi nilishindwa. Tarehe 15 Januari mwaka huo huo, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, ilikuwa imevamiwa. Serikali haikutaja idadi ya waliouawa, miili mingine ililazimika kutambuliwa kwa vipimo vya DNA, na kuna nyumba za wanajeshi nchi hii ambazo zilikaa wiki nzima zikiwa hazijui zitandike mkeka wa matanga au wa kupokea mgeni. Mke wa aina hiyo kumwonyesha kapteni akitokea jangwani akitabasamu ni kumdhulumu. Simlaumu anayefarijika nayo. Naeleza tu kwa nini niliizima.

Na sisi tuna hadithi. Mwaka 1942 meli za Waingereza za Bahari Hindi zilikimbilia Kilindini kuwakwepa Wajapani, na shule ya Allidina Visram, ambayo watoto wa Mombasa wanasoma hadi leo, ikageuzwa kituo cha kufumbua mawasiliano ya siri ya adui. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwenda Colombo, imebeba mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pia wauguzi. Tarehe 12 ya mwezi huo nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Manowari zilizoisindikiza zilidondosha mabomu ya majini kuiua nyambizi iliyokuwa imejificha chini, na juu yake watu walikuwa bado wakielea. Walikufa watu 1,297, wanawake 77 miongoni mwao. Huhitaji kutunga mengi. Unahitaji muuguzi mmoja aliyepanda meli ile, askari mmoja wa mizinga, na mke wa askari aliyebaki, Majengo au Ukambani au Nyasa, ambaye hajui kusoma barua ya Kiingereza. Waandishi wengi watamfuata muuguzi na askari mpaka majini kwa sababu moto na maji vinapendeza kamera. Nawaomba wamfuate aliyebaki.

Kama vita vya zamani ni ghali mno kutengeneza, basi iwe ya sasa. Meja Jenerali Fatuma Ahmed alipewa cheo hicho mwaka 2018, mwanamke wa kwanza kukifikia katika majeshi yetu, na mwaka 2024 akakabidhiwa jeshi la anga. Wapo wanawake leo wanaoondoka alfajiri na mkoba, na mume ndiye anayebaki na watoto, simu na majirani wanaouliza maswali. Sijaona filamu hata moja ya mapenzi iliyokaa na mwanamume huyo jikoni. Anapika? Anamwambia nini mama mkwe? Anapokwenda barazani kunywa kahawa, wenzake wanamtania au wananyamaza? Mtu akiiandika vizuri itapasua mioyo ya watu mpaka Unguja.

Sihitaji ndege za kivita humo. Kila jioni ufukoni Mama Ngina, Mombasa, kati ya wauza madafu na vijana wa kachri, watu husimama ukutani wakiangalia meli zikipita karibu kiasi cha kuona waliomo, na meli za kijivu zinapopita, kuna wanawake ambao hawapungi mkono kwa sababu wamekatazwa kutangaza safari. Mwigizaji mzuri anaweza kusimama pale tu ukaelewa yote.

Nimelizungumza jambo hili na dadangu kwa kirefu, naye ana masharti kwa yeyote atakayekuja kumhoji. Kombati zipigwe pasi sawasawa kwenye picha, si zile zilizokunjamana za tamthilia zetu. Mke asilie mlangoni, kwa kuwa mlangoni hakuna anayelia. Na mume akirudi, waonyeshe ile wiki ya kwanza, mtu amekaa sebuleni kwake kama mgeni, watoto wanaomba ruhusa kwa mama akiwa pale pale, na yeye usingizi haumjii isipokuwa sakafuni. Hilo, asema, ndilo ambalo hakuna picha iliyowahi kumwonyesha, na akitokea wa kulipiga, nyumba yake iko wazi na atamweleza kila kitu.